Usiishie kwenye Anime: Ushauri kwa Msomaji wa Manga na Vibonzo Arusha

Chalii wa Chuga aliye kidato cha pili hahitaji kuelezwa Naruto ni nani. Amemjua tangu shule ya msingi, kwenye simu ya kaka yake, kwenye flashi iliyozunguka darasa zima au kwenye televisheni ya jirani. Anazitaja mbinu za Sasuke na Kakashi bila kukosea, na ubishi wa nani zaidi kati ya Goku na Luffy unaweza kuanzia kwenye kifodi cha Kijenge ukafika mjini kati bila kupata mshindi. Lakini akiulizwa kama amewahi kusoma hata juzuu moja ya hadithi hizo, mara nyingi jibu ni hapana. Anaijua anime, yaani katuni ya kutazama. Manga, yaani kitabu chenyewe, bado hajaigusa.

Na kitabu ndicho kilichotangulia. Masashi Kishimoto alianza kuichora Naruto mwaka 1999 katika jarida la kila wiki la Weekly Shonen Jump, na akaimaliza mwaka 2014 ikiwa imejaza juzuu 72. Anime ilianza kurushwa mwaka 2002, ikifuata michoro iliyokwisha kuchapishwa.

Kusoma kuna uhuru ambao kutazama hakuna. Kwenye anime, mtengenezaji ndiye anayeamua pambano lichukue muda gani na muziki ulie wapi. Msomaji huutazama uso mmoja wa mhusika kwa muda anaoutaka, hurudi nyuma kurasa tatu kuitafuta dalili iliyompita, hulala na swali kichwani akaliendea tena kesho. Tena anaepukana na vipindi vya kujazia, visivyokuwemo kitabuni. Anime ya Naruto, pamoja na mwendelezo wake Shippuden, ina vipindi 720, na vingi kati yake ni vya namna hiyo.

Upande mwingine yupo mzazi anayemkuta binti yake wa miaka 14 na kitabu cha picha, akauliza ni lini ataanza kusoma vitabu vya maana. Ushauri ufuatao unawahusu wote wawili: anayetaka kuanza, na anayetilia shaka.

Vibonzo vina kwao

Jambo la kwanza kwa msomaji wa Arusha ni kujua kwamba hadithi za picha hazikuletwa nchini na intaneti. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, wasomaji wa gazeti la Uhuru walimfuatilia Chakubanga, mhusika wa Christian Gregory. Katika miaka hiyohiyo vijana wa Afrika Mashariki walikuwa wakigombania jarida la African Film, lenye hadithi za picha za kupigwa kwa kamera na mpelelezi wake Lance Spearman. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 likaja jarida la Sani, la Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, na humo kalamu ya Philip Ndunguru ikawapa Watanzania Lodi Lofa, Kipepe na Ndumilakuwili. Ndunguru alifariki mwaka 1986 akiwa bado kijana, lakini wahusika wake waliendelea kuchorwa na wenzake, na watu wazima wa leo bado wanayakumbuka majina hayo.

Mifano haikuishia hapo. Filamu ya Titanic ya mwaka 1997 ilipoitikisa dunia, Joshua Amandus Mtani aliigeuza kuwa kitabu cha vibonzo cha Kiswahili, Mkasa wa Mapenzi ndani ya Titanic. Jijini Nairobi, Sasa Sema Publications ilianza mwaka 1996 kuchapisha vitabu kamili vya vibonzo, na miongoni mwa vya mwanzo kilikuwa Abunuwasi cha Gado, Mtanzania Godfrey Mwampembwa, ambaye jina lake lilikuja kujulikana duniani kwa katuni za siasa.

Ushauri unaotokana na historia hii ni mwepesi kutekeleza. Kabla ya kutumia hata shilingi moja, msomaji aulize nyumbani. Nakala za Sani zilizochakaa bado zimo kwenye makabati na masanduku ya wajomba na mashangazi. Akizipata, azisome sambamba na manga na aangalie Ndunguru alivyompa kila mhusika umbo, mwendo na tabia zake hata kivuli chake tu kikatosha kumtambulisha. Baadaye atakapoona namna Eiichiro Oda anavyowachora mabaharia wa One Piece, kila mmoja na umbo lisilofanana na la mwenzake, atagundua kwamba wachoraji hawa walikuwa wakishughulika na tatizo moja.

Namna ya kuusoma ukurasa

Manga nyingi zilizotafsiriwa kwa Kiingereza siku hizi huhifadhi mpangilio wa Kijapani. Kitabu hufunguliwa kutoka upande ambao msomaji wa Kiswahili angeuita mwisho, na visanduku husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kisha juu kwenda chini. Viputo vya maneno ndani ya kisanduku hufuata njia hiyohiyo. Aliyepita madrasa hatapata tabu, kwa kuwa mkono wake umezoea kufunua msahafu kutoka upande huo. Asiyezoea asikate tamaa katika kurasa kumi za kwanza, maana jicho hujirekebisha lenyewe kabla juzuu haijafika katikati. Webtoon za Korea ni tofauti: zimetengenezwa kwa ajili ya simu, huwa na rangi, na husomwa kwa kuteremka kwenye skrini.

Kosa la wanaoanza ni kusoma maneno peke yake. Wanarukia kiputo hadi kiputo, wanamaliza sura kwa dakika mbili, halafu wanalalamika kwamba hadithi ni fupi. Katika manga nusu ya habari imo kwenye mchoro: mkono uliokunjwa chini ya meza, mvua iliyoanza kwenye kona ya kisanduku, nafasi nyeupe iliyoachwa kati ya tukio na tukio ili msomaji alijaze pengo mwenyewe.

Mfano mzuri ni Slam Dunk ya Takehiko Inoue, iliyochorwa kati ya mwaka 1990 na 1996. Ni hadithi ya mpira wa kikapu katika shule ya sekondari. Katika dakika za mwisho za mechi dhidi ya Sannoh, Inoue aliondoa karibu maneno yote. Zimebaki jasho, viatu, macho na saa ya uwanjani. Anayekimbilia maneno atazipita kurasa hizo kama hazina kitu. Anayesoma picha ataisikia pumzi ya wachezaji, na hatashangaa tena kwa nini kitabu cha wino mweusi mtupu kinaweza kumliza mtu mzima.

Weusi huo una sababu yake. Majarida ya Japani hutoka kila wiki yakiwa na mamia ya kurasa kwenye karatasi ya bei nafuu, na mchoraji hutakiwa kukabidhi kurasa zipatazo 20 kwa wiki. Rangi ingeongeza gharama na muda. Kwa hiyo wachoraji waliikuza lugha ya mistari, vivuli na vitone, na msomaji anayejifunza kuitambua lugha hiyo hufaidi zaidi.

Kuchagua cha kuanzia

Wengi huanza na One Piece kwa sababu ya jina. Ni kazi kubwa, lakini ilianza Julai 1997, imevuka juzuu 100 na bado inaendelea. Anayeanza ni heri achague mfululizo uliokwisha, wenye urefu unaobebeka. Death Note ina juzuu 12. Fullmetal Alchemist ina 27, na Slam Dunk ina 31. Kumaliza hadithi nzima humfundisha msomaji namna mwandishi anavyopanda mbegu katika juzuu ya pili na kuivuna katika ya ishirini, jambo ambalo haliwezi kuonekana kwa kusoma vipande.

Kwa anayeishi kwenye miteremko ya Meru kuna chaguo jingine linalostahili kutajwa kwa mkazo: Silver Spoon ya Hiromu Arakawa, mwanamke yuleyule aliyechora Fullmetal Alchemist. Arakawa alikulia katika familia ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kisiwani Hokkaido. Hadithi hii ya juzuu 15 inamfuata kijana wa mjini aliyejiandikisha katika sekondari ya kilimo, akalazimika kuamka alfajiri kuhudumia mifugo, na akampenda nguruwe ambaye anajua mwisho wake ni kuchinjwa. Haina upanga wala uchawi. Familia za Arumeru zinazokata majani kila jioni kwa ajili ya ng'ombe wa zizini, na wanafunzi wa chuo cha mifugo cha Tengeru, watayakuta maisha yao humo: bei ya maziwa, deni, mnyama anayezaa usiku wa manane, na kijana anayejiuliza kama arithi kazi ya wazazi au aende zake.

Msomaji mtu mzima naye ana vyake. Keiji Nakazawa alikuwa na umri wa miaka 6 bomu la atomiki lilipoangushwa Hiroshima mwaka 1945. Mwaka 1973 alianza kuchora Barefoot Gen, hadithi iliyotokana na yale yaliyoipata familia yake. Kutoka Côte d'Ivoire kuna Aya de Yopougon ya Marguerite Abouet, iliyoanza kutoka mwaka 2005, yenye wasichana, mapenzi na majirani wa mtaani ambao msomaji wa Ngarenaro atawatambua mara moja. Wanaosoma Kifaransa wamtafute Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, ambaye katika Madame Livingstone ya mwaka 2014 alichora vita vya kwanza vya dunia kwenye Ziwa Tanganyika. Na kwa kuwa Arusha ndiyo iliyokuwa makao ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda kuanzia mwaka 1995 hadi 2015, Déogratias ya Mbelgiji Jean-Philippe Stassen, iliyotoka mwaka 2000, ni kitabu kinachouhusu mji huu kwa karibu. Kinaeleza mauaji ya kimbari kupitia kijana mmoja aliyeharibika akili. Ni kigumu, na ni cha watu wazima pekee.

Pa kupata, bila kuumiza mfuko

Njia nafuu na halali ni simu. MANGA Plus, programu ya kampuni ya Shueisha inayochapisha Weekly Shonen Jump, ilizinduliwa Januari 2019 na inapatikana Tanzania. Sura za mwanzo za hadithi nyingi na sura mpya kabisa husomwa bure, kwa Kiingereza, Kifaransa na lugha nyingine kadhaa, na sura mpya hutoka wakati uleule inapotoka Japani. Kwa upande wa bando, kusoma ni nafuu kuliko kutazama. Sura moja hula megabaiti chache, ilhali kipindi cha anime cha dakika 24 hula makumi ya megabaiti hata kikiwa na ubora wa chini.

Kurasa zinazosambazwa kwa wizi kwenye mitandao ni jambo jingine. Mpenzi wa kweli ajiulize angejisikiaje kama michoro ya rafiki yake ingenakiliwa na kugawiwa bila yeye kupata kitu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda msanii wa Unga Limited, na haki anayoitaka huyo kwa kazi yake ndiyo anayostahili Oda kwa kazi yake. Palipo na njia ya bure iliyoruhusiwa, itumike hiyo.

Kwa karatasi, subira inahitajika. Wauzaji wa vitabu vya mitumba mara mojamoja huwa na vibonzo vya Kiingereza au Kifaransa ndani ya rundo la riwaya. Mnunuzi afungue kitabu chote kabla ya kupatana bei, ahesabu kurasa za mwisho, aangalie kama mtoto hakupaka rangi, na ajue ni juzuu ya ngapi anayoinunua. Ndugu anayerudi kutoka Nairobi au ng'ambo aagizwe juzuu moja mahususi, kwa jina na namba, kwa maana agizo la jumla huleta juzuu ya tisa bila ya kwanza. Vitabu vikishapatikana viwekwe mbali na sakafu na ukuta unaovuja, hasa wakati wa masika na katika baridi ya Juni na Julai ambapo unyevu wa mlimani hukunja karatasi haraka. Maktaba ya mkoa nayo isisahauliwe. Wasomaji wakiomba kwa pamoja na kwa maandishi vitabu vya aina fulani, maktaba inakuwa na sababu ya kuvitafuta.

Ni vizuri pia kusoma kwa kundi. Watu wanne wanaonunua juzuu moja moja na kubadilishana wana juzuu nne. Kundi kama hilo linahitaji daftari la kuandika nani amechukua nini na lini atarudisha, na siku moja ya kukutana kujadili sura walizosoma.

Kiingereza, Kiswahili na kidato cha kwanza

Mtoto wa shule ya umma husoma kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, kisha anaingia kidato cha kwanza na kukutana na Kiingereza kwenye karibu kila somo. Hapo manga ina msaada mkubwa. Sentensi zake ni fupi, ni za mazungumzo, na kila moja imefungwa kwenye picha inayoonyesha nani anasema, kwa hasira au kwa upole. Mwanafunzi asikimbilie kamusi kwa kila neno. Asome sura nzima mara ya kwanza kwa kufuata picha, mara ya pili aandike maneno matano tu yaliyomzuia, ayatafute maana, kisha asome mara ya tatu.

Na anayekijua Kiingereza asisome peke yake wakati wadogo zake wamekaa pembeni. Tanzania ina utamaduni wake wa jambo hili. Kwa miaka mingi Lufufu, mtafsiri maarufu wa filamu, alisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, akieleza, akifafanua na kuongeza chumvi, na wasiojua lugha ile wakafurahi sawa na wengine. Dada mkubwa anaweza kufanya hivyo na juzuu ya Doraemon: aonyeshe kisanduku kwa kidole, aseme kwa Kiswahili, abadilishe sauti kwa kila mhusika. Mtoto wa miaka saba atajifunza mpangilio wa hadithi kabla hajajua kusoma vizuri.

Neno kwa mzazi

Mzazi asipige marufuku, na pia asifumbe macho. Manga si ya watoto wote kwa sababu tu ina picha. Japani yenyewe huzigawa kwa wasomaji: shonen na shojo kwa wavulana na wasichana, seinen na josei kwa watu wazima. Wachapishaji wengi wa Kiingereza huonyesha kundi la umri kwenye jalada. Berserk ya Kentaro Miura inasifiwa sana kwa michoro yake, lakini ina ukatili na matukio ya ngono yasiyomfaa mtoto hata kidogo. Attack on Titan inaonyesha watu wakiliwa wakiwa hai. Death Note, ambayo shujaa wake ni muuaji, inamfaa kijana aliyepevuka na mwenye mtu wa kujadiliana naye.

Kipimo bora ni mzazi kusoma sura ya kwanza mwenyewe. Inachukua dakika 20. Baada ya hapo amuulize mtoto swali la kweli kuhusu hadithi: kwa nini huyu alimsaliti mwenzake, wewe ungefanya nini? Mtoto anayeweza kujibu hilo anasoma, na anafikiri. Wakubaliane pia kuhusu muda, na simu itoke chumbani usiku. Kwa mtoto wa bweni, ambako shule nyingi haziruhusu simu, juzuu ya karatasi ndiyo inayofaa, na uongozi uulizwe kwanza.

Kutoka kusoma hadi kuchora

Msomaji wa vibonzo akikolea, mkono huanza kuwasha. Vifaa si tatizo: penseli, rula, kalamu nyeusi isiyosambaza wino na karatasi za A4. Tatizo ni kutaka kuanza na hadithi ya juzuu 50. Aanze na kurasa nne zenye mwanzo, kati na mwisho. Achore kwanza rasimu ndogo ya kurasa zote, visanduku vidogo na watu wa vijiti, ampe rafiki asiyejua hadithi aisome bila maelezo. Rafiki akipotea, kosa limo kwenye mpangilio wa visanduku, lirekebishwe kabla ya wino.

Na achore alipo. Vijana wengi wa Arusha wanachora shule za Tokyo ambazo hawajawahi kuziona, wakati Soko la Kilombero, Mnara wa Saa, migomba na mibuni ya Arumeru na kilele cha Meru chenye mita 4,566 vipo mbele ya macho yao. Historia nayo ipo. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki, nyumba zikachomwa, ili ardhi wapewe walowezi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kuwasilisha malalamiko yao mbele ya Umoja wa Mataifa, na baadaye, pamoja na mwanasheria Earle Seaton, akaandika kitabu The Meru Land Case, kilichotoka mwaka 1967. Nakazawa aliionyesha dunia kwamba maumivu ya familia moja yanaweza kubebwa na vibonzo bila kupungukiwa heshima. Kijana wa Leguruki au Usa River anaweza kukaa na wazee kwa ruhusa yao, akawasikiliza, akalinganisha na kitabu cha Japhet na Seaton, kisha akachora.

Wasomaji wapo. Jarida la vibonzo la Shujaaz lilianza Kenya mwaka 2010 likigawiwa bure, likashinda tuzo ya kimataifa ya Emmy mwaka 2012, na mwaka 2015 likaingia Tanzania na mhusika wake DJ Tee. Lilifika mikononi mwa vijana kwa sababu liliongea lugha yao na kuchora mitaa yao.

Basi mpenzi wa anime aliye Arusha achague wiki hii mfululizo mmoja mfupi uliokamilika, na ausome wote kwa mpangilio hadi juzuu ya mwisho. Mzazi asome naye sura ya kwanza. Na mwenye michoro aliyoificha ndani ya daftari la hesabu aitoe, atengeneze nakala kumi, awagawie wenzake darasani, na asikilize wanachosema.